Reli ya Mezani: Kipimo Chako Kiwe Behewa

Anayetaka kujenga reli ya mfano nyumbani kwake huanza na swali la nafasi. Hupima chumba, hupima meza, kisha hukata tamaa, maana picha alizoziona ni za watu wa Marekani na Uingereza waliojaza chumba kizima milima, madaraja na treni ndefu. Asiyekata tamaa hununua seti yenye duara la reli. Anaiwasha, treni inazunguka, watoto wanashangilia, na baada ya wiki chache kila kitu kinarudi kwenye boksi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za duara hata ukingo hazina.

Ipo njia nyingine: ubao wa urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 30, injini moja, mabehewa manane na pointi mbili, yaani sehemu mbili ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili. Treni ya ubao huu haisafiri kwenda popote. Inafanya kazi. Inavuta, inasukuma, inaacha behewa hili hapa na kuchukua lile pale, mpaka mabehewa yakae kwa mpangilio unaotakiwa. Watu wa reli huiita shantingi, na yadi yoyote yenye makutano ya njia, iwe Voi au Tabora, inaijua.

Reli ya namna hii ina kanuni moja inayobeba nyingine zote: usiipime kwa mita, ipime kwa behewa. Urefu wa njia, ukubwa wa ubao, nafasi kati ya milango ya ghala, hata mahali pa kuotesha mti, vyote vitoke kwenye urefu wa behewa moja. Ukishika hilo, hutanunua reli usiyoihitaji wala kupanda msitu utakaozuia mkono wako.

Mchezo wa mabehewa manane

Mpango ninaoupendekeza ulibuniwa na Mwingereza Alan Wright, ambaye aliuita Inglenook Sidings. Aliutoa kwenye njia za pembeni za kituo halisi cha Kilham, kilichokuwa kwenye reli ya tawi kati ya Alnwick na Cornhill, kaskazini mwa Uingereza.

Ubao una njia ya kuvutia, inayotosha injini na mabehewa matatu, basi. Kutoka hapo pointi mbili zinafungua njia tatu za pembeni: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja. Unapoanza, mabehewa matano yako kwenye njia ndefu, matatu kwenye njia fupi ya kwanza, na njia fupi ya pili ni tupu. Andaa kadi nane, moja kwa kila behewa. Zichanganye, chomoa tano, zipange mezani kwa mfuatano zilivyotoka. Kazi yako ni kuunda treni ya mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu, kwa mfuatano uleule, bila kuinua behewa hata moja kwa mkono.

Mifuatano inayoweza kutoka ni 6,720. Ukicheza mmoja kila siku bila kurudia, utamaliza baada ya miaka 18 na ushee. Utamu wake unatoka kwenye ufinyu. Njia tatu za pembeni zina nafasi 11, mabehewa ni manane, kwa hiyo nafasi tupu ni tatu tu, na njia ya kuvutia nayo haipokei zaidi ya matatu. Ni kama bao: mashimo yangekuwa bila idadi, nani angehangaika kufikiri? Ndiyo maana ukirefusha njia ya kuvutia ikachukua mabehewa manne kwa sababu tu ubao umebaki, umeulegeza mchezo kwa mkono wako mwenyewe.

Mwenye rafu ya vitabu tu anaweza kuanza na toleo dogo: njia ya mabehewa matatu, mbili za mawili mawili, na njia ya kuvutia inayobeba injini na mawili. Mabehewa ni matano, unachomoa kadi tatu, na mifuatano ni 60. Mtoto wa miaka minane au tisa atalimudu.

Huenda ukasikia pia habari za Timesaver, fumbo la Mmarekani John Allen lililochapishwa katika jarida la Model Railroader mwaka 1972. Ni fumbo kali, lakini lina pointi tano. Pointi ndizo ghali kuliko njia iliyonyooka, na ndizo zinazosumbua zaidi zisipolazwa vizuri. Mgeni wa kazi hii aanze na mbili.

Skeli gani?

Skeli inayopatikana kwa wingi zaidi duniani ni HO, ambayo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Njia yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata milimita 1,435, upana uleule wa reli mpya ya SGR ya Kenya na Tanzania. Waingereza hutumia skeli kubwa kidogo, OO, iliyopunguzwa mara 76, lakini njia yao ni ileile ya milimita 16.5. Kisha ipo N, yenye njia ya milimita 9, ambayo Marekani na bara la Ulaya huihesabu kwa 1:160. N huokoa nafasi karibu nusu, ila magurudumu yake mepesi huona vumbi kama ukuta, na vidole vya mtu mzima hupata shida kuunganisha mabehewa. Kwa reli ya kupanga mabehewa, ambayo mkono huingia kila dakika, HO au OO ndiyo chaguo langu.

Na reli zetu za zamani? Ile ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, zote zina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Ukizipunguza mara 87 unapata milimita 11.5 na 12.3. Njia ya milimita 12, ambayo watengenezaji wa Ulaya huiuza kwa ajili ya treni za milimani za Uswisi, inafaa kwa zote mbili. Shida ni mabehewa na injini: za kwetu itabidi uzijenge mwenyewe juu ya magurudumu ya kununua. Ni kazi nzuri, lakini iwe ya pili. Ya kwanza ijenge kwa njia ya milimita 16.5, ujifunze, na mandhari uyafanye ya kwenu ukitaka. Hakuna mkaguzi atakayekuja na rula.

Piga hesabu, kisha cheza kwa karatasi

Chagua aina moja ya behewa na mengine yote yalingane nayo kwa urefu. Behewa la Kimarekani la futi 40, katika HO, huchukua takriban sentimita 15 likiwa limeunganishwa. Njia ndefu basi ni mara tano, sentimita 75. Njia fupi ni sentimita 45. Njia ya kuvutia ni injini fupi ya sentimita 17 na mabehewa matatu, jumla 62. Mpe dereva sentimita moja ya kupumulia. Kila pointi hula sentimita 22 hivi.

Usisahau sentimita 10 baada ya kila pointi. Pale njia mbili zinapoachana bado zimekaribiana mno, na behewa likisimama hapo litagusana na jirani yake. Weka mabehewa mawili sambamba, yarudishe taratibu kuelekea pointi, na pale kidole kinaposhindwa kupita kati yake ndipo mpaka. Kwenye reli halisi huwekwa alama mahali hapo, nawe paka rangi nyeupe kwenye mataruma. Itakusaidia kila unapocheza.

Ukijumlisha yote, njia ndefu ikianzia kwenye pointi ya kwanza na fupi mbili kwenye ya pili, unaingia ndani ya sentimita 180. Kwa mabehewa ya Kiingereza ya magurudumu manne, yenye sentimita 8 hivi, mpango uleule unaenea kwenye sentimita 120.

Kabla ya kununua hata msumari, chora yote hayo kwenye karatasi ya manila kwa ukubwa wake halisi. Kata mabehewa manane ya kadibodi, yape namba, chomoa kadi, anza kusukuma kwa kidole. Cheza hivyo kwa wiki moja. Ukichoka, umeokoa fedha nyingi. Ukijikuta unaamka na mkakati wa kulitoa behewa namba tano nyuma ya namba mbili, nenda kwa seremala.

Ubao

Shiti la plaiwudi lina futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Mwombe muuzaji akukatie ukanda wa sentimita 30, unene wa milimita 9 au 12. Chini yake piga fremu ya mbao za mbili kwa moja ili usipinde. Anayeishi pwani apake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo. Unyevu huingia upande uliosahauliwa na kukunja ubao wote.

Ukipenda kuubeba, ukate vipande viwili vya sentimita 90 na uvifunge kwa bolti. Hapo angalia jambo moja: pointi isilale juu ya maungio. Njia ya kuvutia inaishia kwenye sentimita 63, pointi ya kwanza inaishia kwenye 85, hivyo ya pili isianze papo hapo. Weka kipande kifupi cha reli katikati, ianze kwenye 95. Bado njia fupi zitaenea.

Ulaze ubao kwa pimamaji. Mabehewa yenye magurudumu mazuri hubingirika kwenye mteremko ambao jicho halioni, na behewa uliloliacha kwenye njia ya pili litakufuata lenyewe. Juu ya plaiwudi gundisha shiti la fomu nyembamba ya milimita 3 kwa eneo lote. Inapunguza kelele, na inaiacha ardhi sawa na njia, kama yadi halisi zilivyo. Tuta refu la kokoto ni la njia kuu.

Kimo kinategemea unavyocheza. Anayekaa kwenye kiti kinamtosha kimo cha meza. Anayesimama auinue ubao hadi kifuani, ayaone mabehewa kwa ubavu kama mtu aliyesimama kando ya reli.

Njia na umeme

Nunua reli za aloi ya nikeli. Za chuma hupata kutu, na kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa hazingoji. Nunua pointi ambazo moyo wake, yaani pale reli mbili zinapokatana katikati, ni wa chuma na unapitisha umeme. Injini fupi yenye magurudumu manne ikikanyaga moyo wa plastiki kwa mwendo wa pole huzima hapohapo, na shantingi yote ni mwendo wa pole. Pointi nyingi za leo zina springi ndani. Zisukume kwa kidole, huhitaji mota.

Laza pointi kwanza, kisha njia katikati yake. Pitisha ukucha juu ya kila kiungo: ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Kabla ya gundi, sukuma treni ya mabehewa manane kinyumenyume kupitia kila njia, pole na haraka. Behewa likitoka njiani mara mbili mahali pamoja, usililaumu. Ita msasa na rula.

Injini moja haihitaji mitambo ya kidijitali. Umeme wa volti 12 wa moja kwa moja unatosha. Waya mbili zilizolehemiwa chini ya reli za njia ya kuvutia zitapeleka umeme kwenye pointi, na pointi itaupitisha kwenye njia iliyofunguliwa. Ukija kuongeza waya nyingine mbele ya pointi, weka kwanza viungo vya plastiki baada ya moyo wake, ama sivyo utapata shoti. Kulehemu kukikushinda, fundi redio wa mtaani atakumalizia kwa muda mfupi.

Umeme ukikatika mara kwa mara, betri ya volti 12 pamoja na kidhibiti mwendo cha mota ndogo na swichi ya kugeuza yenye miguu sita vitaendesha injini yako. Lakini weka fyuzi ya ampea moja karibu kabisa na betri. Behewa la chuma likilala juu ya reli mbili, betri ya gari itamwaga umeme wa kuyeyusha waya na kuwasha ubao.

Jifunze mwendo. Treni ya yadi hutembea kwa kasi ya mtu anayekaza mwendo, sema kilomita 8 kwa saa. Katika HO hiyo ni sentimita mbili na nusu kwa sekunde, na mita moja huchukua sekunde 40. Injini isiyoweza kwenda hivyo bila kurukaruka haifai kazi hii, hata iwe nzuri namna gani. Fedha utakayoibana kwenye mambo mengine iweke hapa.

Mabehewa nayo yana masharti. Chama cha Marekani cha wajenzi wa reli za mfano, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinapendekeza behewa la HO la sentimita 15 liwe na uzito wa gramu 113 hivi. Mengi ya dukani ni mepesi kuliko hapo. Gundisha washa za chuma ndani, juu ya sakafu. Badilisha magurudumu ya plastiki, ambayo hukusanya uchafu, uweke ya chuma. Viungio vyote viwe vya aina moja na kimo kimoja. Kwa viungio vya Kimarekani vya mfano wa ngumi, kijiti cha mshikaki kilichochongwa ncha ndicho kifaa bora cha kutenganisha: kiingize katikati, kizungushe kidogo, vinaachiana.

Mandhari: anza na kazi, si na miti

Wengi hufurahia hatua hii kuliko zote na kuiharibu kwa wingi wa vitu. Kabla ya kufungua gundi, amua kila njia ni ya nani. Njia ndefu ni ya treni inayosubiri kuondoka. Fupi ya kwanza iwe ya ghala, ya pili iwe ya bohari ya mafuta au kiwanda cha saruji. Sasa behewa la tangi lina pa kwenda, na lile lililofunikwa lina pa kwenda. Jengo lisilopokea behewa halina haki ya kukaa kwenye sentimita 30.

Upana huo hautoshi majengo kamili, hivyo jenga ya nusu: ukuta wa mbele wenye kina cha sentimita 4 au 5, uliobandikwa kwenye ubao wa nyuma. Milango ipange kwa behewa, mmoja kila baada ya sentimita 15, ili mabehewa matatu yakisimama kila moja lipate mlango wake. Ukijenga mji wa Kimarekani, kuta ni za matofali mekundu na jukwaa la kupakulia lina kimo cha sakafu ya behewa, milimita 13 hivi juu ya reli. Ukijenga ghala la kahawa la Moshi au la katani la Tanga, utahitaji mabati. Chukua trei ya foili ya keki, ilaze juu ya kadibodi laini, ipige mistari ya milimita moja moja kwa kalamu iliyoisha wino. Kata vipande vya milimita 9 kwa 35, ambavyo ni kama bati la mita tatu, uvigundishe kimoja kimoja vikipandiana kidogo. Paka rangi ya kijivu, kisha kutu kwenye maungio na matundu ya misumari. Paa lililoezekwa bati kwa bati halifanani kabisa na lililofunikwa kwa shiti moja.

Reli zipake rangi ya kahawia ubavuni kabla ya kumwaga kokoto, ukifuta juu papo hapo. Kuhusu kokoto, fuata hesabu: jiwe la sentimita 5 likipunguzwa mara 87 ni nusu milimita tu. Mchanga unaodhani ni laini huenda ni majabali. Uchekeche kwa kipande cha soksi ya nailoni. Pitisha sumaku juu yake mara kadhaa, kwa sababu mchanga mwingi una chembe za chuma zitakazovutwa na sumaku ya mota ya injini. Udongo wa bustani ukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu, usilete mayai ya wadudu sebuleni.

Mwaga ukiwa mkavu, usambaze kwa brashi, gonga reli kwa mpini wa bisibisi ili chembe zishuke kati ya mataruma. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, gundi itakaa juu kama shanga na kuvuruga mchanga. Kisha dondosha gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Kwenye pointi tumia mchanga kidogo sana, weka tone la mafuta kwenye ndimi zinazosogea, na uzisogeze kila baada ya muda hadi gundi ikauke. Jaribu rangi ya udongo kwenye kipande cha mbao kwanza, maana gundi huweza kuutia giza.

Majani marefu makavu unayo tayari kama una kamba ya katani. Ikate vipande vya milimita 5 hadi 8, ambavyo ni nyasi za sentimita 45 hadi 70, na uvisimamishe kwa vishungi kwenye matone ya gundi. Sponji la godoro lililosagwa na kutiwa rangi ya kijani linakuwa magugu. Yaweke mahali ambapo gurudumu halipiti mara kwa mara: mwisho wa njia, kando ya ukuta, katikati ya reli za njia isiyo na shughuli. Miti isokote kwa nyaya nyembamba za umeme, uifunike gundi yenye vumbi la mbao. Mgunga wa mita nane ni sentimita 9. Mwembe wa mita kumi na tano ni 17. Mmoja au miwili inatosha, yote upande wa nyuma. Usitumie nafaka, unga wala maharage kwa lolote, hata kama rangi yake inavutia. Mende na panya hawajui kwamba ni mandhari.

Uchafu ndio unaounganisha yote. Saga mkaa, saga kipande cha tofali, chukua saruji kidogo. Kwa brashi laini paka mkaa pale injini inaposimama, saruji chini ya milango ya ghala la saruji, na doa jeusi la kung'aa kando ya tangi la mafuta. Kila doa liwe na sababu. Kisha nyunyiza vanishi isiyong'aa, ukiwa umefunika reli. Juu ya reli safisha kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa huacha mikwaruzo ambayo uchafu hujificha ndani yake.

Nyuma weka ubao wa rangi ya anga iliyofifia, kona zake zikiwa zimepinda badala ya kukatika, na taa ya ukanda wa LED juu. Watu wa mfano wawe wamesimama au wameketi, maana anayekimbia ataonekana kichekesho baada ya dakika mbili. Na sentimita 5 za mbele uziache wazi kabisa. Hapo ndipo mkono wenye kijiti cha mshikaki unapopita, na mahali viungio vinapoachana lazima paonekane bila kuinamia paa la mtu.

Wawili ni bora kuliko mmoja

Reli hii huchezwa peke yako, lakini jaribu na mwenzio. Mmoja awe dereva, ashike kidhibiti, asione kadi. Mwingine awe shanta, ashike kadi na kijiti, aelekeze kwa mkono: njoo, rudi, pole, simama. Fuata desturi ya yadi halisi: dereva hasogei bila ishara, na ishara ikipotea machoni anasimama papo hapo. Hesabu miondoko, mbadilishane, asubuhi ya Jumamosi itapita hamjui.

Siku itafika utakapohisi mchezo umeuzoea, na mawazo ya kuongeza njia ya nne yataanza. Kabla ya hapo badilisha masharti. Sema behewa la mafuta lisikae jirani na injini, kwa kuwa hata treni halisi huweka mabehewa mengine katikati. Sema behewa moja halijamaliza kupakuliwa, hivyo likitolewa mlangoni lazima lirudishwe mlango uleule kabla mchezo haujaisha. Sema njia fupi ya pili imefungwa kwa matengenezo ya miondoko kumi ya kwanza. Kila sharti ni la bure na halichukui hata sentimita moja. Reli ikionekana ndogo, ongeza sheria kwanza. Ukishindwa kabisa kubuni nyingine, ndipo umwite seremala.